Kabla ya Kununua Vihisi, Ifahamu Kwanza Turbini Ikiwa Nzima

Mafundi wachanga huniuliza mara kwa mara wanunue kifaa gani ili wafuatilie afya ya turbini za upepo. Kabla ya kutaja kifaa chochote, nami huwauliza kama wanajua turbini zao zilikuwa zikitetemekaje siku zilipokabidhiwa zikiwa nzima. Asiye na kipimo hicho atapokea takwimu mchana na usiku, kisha ashindwe kusema kama mnara unadhoofika au ndivyo ulivyokuwa tangu uliposimamishwa.

Chukua mfano wa Vestas V52 ya kilowati 850, ambayo mafundi wengi nchini Kenya wameifahamu, kwa kuwa ndiyo iliyosimamishwa kwenye vilima vya Ngong mwaka 2009 na ndiyo iliyotumika baadaye katika mradi wa Ziwa Turkana wenye turbini 365 huko Marsabit. Rota yake ina kipenyo cha mita 52 na mwendo wake wa kawaida ni mizunguko 26 kwa dakika. Hiyo ina maana kwamba mnara hupokea msukumo wa hezi 0.43, yaani mara 0.43 kwa sekunde, kutokana na mzunguko wenyewe, na mwingine wa hezi 1.3 kutokana na mapanga matatu yanayoupita kwa zamu. Kila mnara una masafa yake ya asili, yaani idadi ya mara unazoyumba wenyewe kwa sekunde ukisukumwa kisha ukaachwa, na wasanifu huyaweka mbali na misukumo hiyo miwili, mara nyingi katikati yake. Msingi ukianza kulegea, masafa ya asili hushuka na kuukaribia msukumo wa chini, mtetemo huongezeka, na ongezeko hilo huzidi kuulegeza msingi. Kwa hiyo ukitaka namba moja ya kuitunza kwa miaka yote, itunze hiyo ya masafa ya asili.

Kuipata namba hiyo kunahitaji kihisi kinachofaa, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Vihisi vya mtetemo vinavyouzwa kwa ajili ya beringi na giaboksi vimeundwa kusikia mambo yanayotokea mamia au maelfu ya mara kwa sekunde, na vingi havisikii vizuri mwendo wa chini ya hezi 1, ilhali mnara huyumba huko huko. Muulize muuzaji kihisi chake kinaanzia hezi ngapi, na asipokuwa na jibu, tafuta muuzaji mwingine. Funga kihisi juu ya mnara, karibu na nasele, yaani nyumba ya mitambo iliyo kileleni, kipime pande mbili zinazokatana kwa pembe mraba. Na fedha zikiruhusu, ongeza kingine karibu na katikati ya mnara, kwa sababu baadhi ya miyumbo huonekana vizuri zaidi hapo kuliko kileleni. Kila kipimo kiandikwe pamoja na kasi ya upepo, mwendo wa rota, pembe ya mapanga na joto la saa hiyo, la sivyo utalinganisha usiku wa upepo mkali na asubuhi tulivu na kudhani kwamba umegundua ufa. Usitegemee wastani wa dakika 10 unaotolewa na mfumo wa udhibiti pekee: katika dakika hizo V52 huzunguka kama mara 260, na wastani huyameza yote yaliyojiri ndani yake.

Mahali nako kuna neno lake. Upepo wa Turkana hupita kwenye njia iliyobanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya, na karibu mwaka mzima huvuma kutoka kusini-mashariki. Mwekezaji hufurahia utulivu huo, na ana haki, lakini chuma hakifurahii, kwa sababu uchovu wa chuma, yaani kudhoofika kwake kwa kupindwa mara nyingi, unaogawanyika kuuzunguka mnara wote katika maeneo mengine hapo hulundikana kwenye pande zile zile mbili, ule unaoukabili upepo na ule ulio nyuma yake. Ukaguzi wa viungio vya kuchomelea na bolti za flenji, yaani pete za chuma zinazounganisha vipande vya mnara, uanzie pande hizo.

Tena nasisitiza kwamba hakuna kihisi kitakachochukua nafasi ya macho na mikono. Kila bolti ikishakazwa kwa spana ya toki, ichorwe mstari wa rangi unaopita juu ya nati, washa na flenji, ili mstari ukikatika fundi auone bila kupima. Lakini akumbuke kwamba bolti huweza kupoteza mkazo bila nati kuzunguka hata kidogo, kwa hiyo mstari ulionyooka hauondoi haja ya kupima mkazo kwa ratiba. Chini ya flenji ya msingi, angalia saruji laini iliyomiminwa hapo. Unga mweupe au wa kijivu unaotoka kwenye ufa, hasa baada ya mvua, unaonyesha kwamba chuma kinapanda na kushuka na kuisaga saruji, hata kama takwimu za juu bado zinaonekana njema.

Kuhusu mapanga nitasema machache. Ncha ya panga la V52 hukata hewa kwa takriban kilomita 250 kwa saa, kwa hiyo vumbi la nchi kavu huula ukingo wake wa mbele taratibu. Droni yenye kamera nzuri itakuonyesha mmomonyoko huo na alama za radi, lakini tabaka zilizoachana ndani bado hugunduliwa vizuri na fundi anayening'inia kwenye kamba, akigonga na kusikiliza mahali ambapo mlio unakuwa butu.

La mwisho ni la ofisini. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo vipimo vyote vya mtetemo vilikuwa mikononi mwa mkandarasi wa matengenezo, na mkataba wake ulipokwisha aliondoka navyo, tukabaki na taarifa za kurasa mbili mbili zilizosema kwamba hali ni ya kuridhisha. Kipengele kinachosema kwamba data ghafi ni mali ya mwenye turbini, na kwamba itakabidhiwa kila mwezi katika faili linalofunguka bila programu ya mkandarasi, kiingizwe kabla ya mkataba kutiwa saini, kwa sababu baada ya hapo kitauzwa kwa bei ya mkandarasi.