Catfish: kwa nini wahakiki waliitilia shaka?

Swali: Ndugu Mhariri, nimetazama Catfish, filamu ya hali halisi ya 2010 kuhusu kijana wa New York anayemfuatilia msichana aliyempenda kupitia Facebook. Mbona wapo wahakiki walioiona ya kubuni?

Jibu: Watengenezaji wake, Henry Joost na Ariel Schulman, wameshikilia kuwa yote ni kweli. Nev, anayefuatwa na kamera, ni nduguye Ariel. Minong'ono ilianza ilipooneshwa Sundance, tamasha la filamu la Marekani, Januari 2010. Hoja nzito ni hii: kamera iliwashwa kwa nini kabla hapajawa na kisa? Tena, nyimbo ambazo msichana alidai ni zake zinagundulika kuwa za wizi kwa kutafuta mtandaoni muda mfupi tu; vijana wanaoshinda kwenye kompyuta hawakuwahi kujaribu? Wengine hawakujali ukweli, walikereka kuona mama wa Michigan, aliyekuwa nyuma ya akaunti ya msichana huyo, akibishiwa hodi bila taarifa. Tangazo lililoiuza kama filamu ya kutisha nalo liliharibu.

Ukiitazama tena, angalia kila mshangao umenaswa kwa pembe ngapi. Pembe mbili, mpigapicha mmoja: huenda tukio limerudiwa. Ila hesabu kwanza watu waliomo chumbani, maana hapa wapigapicha ni wawili.