Jike amemkataa dume: je, ashikwe kwa nguvu?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mkazi wa Nyegezi, hapa Mwanza. Nina mbwa jike aina ya Jemani Shepadi, anaitwa Sheba, ana miaka miwili na miezi minne, na hili lilikuwa joto lake la tatu, yaani siku za kutaka dume. Nilikubaliana na mwenye dume mmoja wa Sengerema kwamba malipo yake yatakuwa mtoto mmoja atakayemchagua mwenyewe. Akaniambia nimpeleke siku ya 10 tangu damu ianze, eti mbwa wote ni siku ya 10. Tukafika saa 8 mchana. Sheba akakaa chini, mkia kauficha katikati ya miguu, na kila dume akimsogelea anamtolea meno. Wakamfunga mdomo kwa kamba, vijana wawili wakamshika, mmoja kichwani, mwingine kiunoni. Alilia sana, akajikojolea. Dume naye mwishowe akajiondokea, akaenda kulala kivulini. Sasa mwenye dume anasema joto lijalo tumchome sindano kidogo ya usingizi ili asisumbue. Mimi roho inakataa, ila majirani wananiambia mbwa ni mbwa. Ni kweli lazima ashikwe? Na siku yenyewe nitaijuaje?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Sindano hiyo usiikubali. Sababu nitazieleza, lakini kwanza nimtetee Sheba: hakusumbua mtu. Mlimpeleka kuulizwa kama yuko tayari, naye akajibu.

Jike aliye tayari hajifichi. Ukimkuna mgongoni karibu na shina la mkia, mkia anausogeza kando, anakaza miguu ya nyuma na kusimama. Mara nyingi yeye ndiye anayemchokoza dume, anamrukia, anakimbia hatua mbili, anarudi kumgeuzia mgongo. Anayekaa chini na kubana mkia anasema mojawapo ya mambo haya: bado, au nimeshapita, au naumia, au hapa naogopa, au huyu simtaki. Kumfunga mdomo kunazima jibu lakini sababu inabaki palepale.

Hii habari ya siku ya 10 nadhani tumeitoa kwenye ng'ombe. Aliyekulia Usukumani anajua: ng'ombe akionekana kwenye joto asubuhi, jioni apandishwe, maana joto lake halimalizi hata siku moja, na ukilikosa unasubiri wiki tatu. Haraka hiyo tukaihamishia kwa mbwa, ambaye maumbile yake ni mengine kabisa. Jike wa mbwa hutoka damu kwa siku kama 9 kabla ya kumkubali dume, lakini hiyo 9 ni wastani tu. Wapo wa siku 3, wapo wa siku 17. (Damu hiyo, kwa njia, si hedhi kama ya binadamu. Hedhi huja baada ya yai kupotea, ya mbwa huja kabla yai halijatoka.) Kisha hufuata siku za kumkubali dume, nazo wastani wake ni 9 tena, na tofauti kati ya jike na jike ni kubwa vilevile. Kwa hiyo siku ya 10 Sheba huenda alikuwa bado kabisa.

Kuna jambo jingine ambalo wenye madume wengi hawalijui. Yai la mbwa hutoka likiwa bichi. Linahitaji siku 2 hadi 3 likomae ndani ya mrija wa uzazi ndipo mbegu iweze kuliingia, na baada ya hapo lina siku kama 2 au 3 nyingine za uhai. Mbegu za dume mwenye afya nazo zinaweza kungoja ndani ya jike siku 5 hata 7. Ukiweka hesabu hizo pamoja utaona nafasi ni pana. Jike akikataa leo, kesho ipo, na keshokutwa ipo. Hakuna dharura inayohitaji vijana wawili na kamba.

Sasa, siku utaijuaje? Njia ya uhakika zaidi ni kupima projesteroni, homoni ya uzazi, kwenye damu. Mwanzoni mwa joto huwa chini ya nanogramu 1 kwa mililita. Ikifika 2 hadi 3, ujue homoni inayoamuru mayai yatoke imeshapanda. Ikifika 5 hivi, mayai yanatoka. Ukihesabu siku 2 au 3 kutoka hapo, unampandisha. Projesteroni ni ileile kwa mbwa na kwa binadamu, kwa hiyo maabara inayowapimia akina mama inaweza kupima sampuli ya mbwa ikikubali kuipokea. Ila usihamehame: mashine hutofautiana, kwa hiyo sampuli zote za joto moja zipimwe mahali pamoja. Anza siku ya 5 au ya 6 tangu damu ianze, rudia kila baada ya siku 2.

Hilo likikushinda kwa gharama, daktari wa mifugo mwenye hadubini anaweza kuchukua ute wa uke kwa kijiti cha pamba. Mwanzoni mwa joto seli zinaonekana mviringo zenye kiini. Jike akiiva, karibu zote zinakuwa bapa, zenye kona, kama vigae vilivyovunjika. Kipimo hiki hakisemi yai limetoka saa ngapi, lakini kinakuzuia kusafiri bure. Na bila kipimo chochote bado una macho yako: uke uliovimba na kuwa mgumu unalainika, na damu nyekundu inapauka kuelekea rangi ya majani makavu. Wapo wanaotoka damu nyekundu hadi mwisho, kwa hiyo rangi peke yake isikudanganye. Mkia ndio shahidi mzuri.

Nije kwenye safari yenyewe. Siku hizi kuna daraja la Kigongo–Busisi, tangu mwaka 2025, kwa hiyo hamkukaa kwenye foleni ya kivuko. Hata hivyo mlimshusha garini saa 8 mchana, jua kali, mahali asipopajua, kati ya watu asiowajua, na papo hapo akaletewa dume. Mimi mwenyewe ningetoa meno. Ni kweli desturi nzuri ni jike kwenda kwa dume, kwa sababu dume akiwa ugenini hutumia muda wake kunusa kuta na kukojoa kila kona badala ya kufanya kilichompeleka. Lakini jike apewe muda. Fika jioni ya siku iliyotangulia ukiweza, au angalau saa mbili tatu kabla. Watembeze wote wawili nje kwa kamba ndefu, sambamba, bila kuwakutanisha uso kwa uso. Wanusane kupitia uzio. Kisha waingie kwenye uwanja uliofungwa, wenye watu wawili tu: wewe na mwenye dume. Watoto, majirani na simu za kupiga video zibaki nje.

Saa nzuri ni 12 asubuhi au jioni jua likishatua, upepo wa ziwa ukiwa umepoza ardhi. Wasile kabla, watakula baadaye. Angalia pia wanasimama juu ya nini. Hapa Mwanza nyua nyingi ni jabali tupu. Kuna nyumba moja ya Isamilo niliitwa kwa sababu dume "hajui kazi", nikakuta wamemweka juu ya mwamba laini, kila akipanda miguu ya nyuma inateleza. Tukatandika zulia kuukuu, akamaliza ndani ya dakika kumi. Na mwamba uliopigwa na jua mchana kutwa unaunguza nyayo.

Wakiachwa, watacheza. Mchezo huo watu huuona ni kupoteza muda, na ndiyo kazi yenyewe: kukimbizana, kuinama kwa miguu ya mbele, jike kubweka kidogo na kumsukuma dume kwa bega. Akimkaripia dume mara moja akiwa hajawa tayari, usiingilie, dume mwenye adabu hurudi nyuma na kuomba upya. Ukiona nusu saa imepita jike bado anakaa chini au anakimbilia mlangoni, watenganishe kwa upole, mjaribu tena baada ya siku moja au mbili.

Hapo kwenye adabu niseme jambo linaloniuma. Mbwa wengi wa mbegu hapa mjini hununuliwa wakiwa na wiki sita au saba, wanafungiwa bandani mchana kutwa, usiku wanaachiwa walinde. Umri wa kujifunza lugha ya mbwa wenzake ni kati ya wiki 3 na wiki 12 hivi, nao wanaupitisha wakitazama ukuta. Akikua, tunashangaa hajui kusalimia. Madume nao: dume mchanga akipanda mguu wa mgeni anachapwa, akimpanda mwenzake anachapwa, halafu siku ya kazi tunamtaka apande huku tumemsimamia. Amejifunza kwamba ukiwepo, hilo ni kosa. Dume wa Sengerema kujiondokea si ubovu. Jike alikuwa analia, naye alisoma alichosoma. Mimi dume wa namna hiyo ningemweka akiba.

Lipo pia suala la kutopendana. Mwaka 1967 watafiti wa Marekani, Frank Beach na Burney Le Boeuf, walichapisha uchunguzi wao wa mbwa aina ya beagle: majike waliokuwa kwenye joto waliwakubali madume fulani na kuwakataa wengine. Kwa hiyo Sheba akiwa ameiva kwa vipimo vyote na bado anamkataa dume huyu, mtafutie mwingine.

Kama atawakataa wote, mlete nimchunguze. Wapo majike wenye utando au msuli uliobana ndani ya uke, unaugundua kwa kidole chenye glavu, na kumlazimisha huyo ni kumpasua. Kwa Jemani Shepadi nashuku pia nyonga, maana dume mzito mgongoni ni maumivu. Piga eksirei ya nyonga. Ameshafika miaka miwili, umri unaokubalika kwa picha ya uamuzi wa mwisho. Nyonga zikiwa mbaya, asizae kabisa, hata akimpenda dume, kwa kuwa watoto hurithi. Dume naye aonyeshe picha yake. Uliza pia asili yake: mbegu za hapa kwetu ni chache na zimezungukana, usije ukampandisha Sheba na kaka yake wa baba mmoja bila kujua.

Kabla ya yote, dume akaguliwe sehemu za siri. Tuna ugonjwa wa uvimbe unaoambukizwa kwa kupandana na hata kulambana, unaonekana kama koliflawa nyekundu inayovuja damu. Ni saratani ambayo seli zake zenyewe huhama kutoka mbwa mmoja hadi mwingine, na mahali penye mbwa wengi wa mitaani ni wa kawaida. Kwa kawaida hutibika kwa vinkristini, sindano moja kwa wiki kwa wiki kadhaa, lakini hiyo ni dawa kali, si ya kujichomea nyumbani. Wote wawili wapimwe pia brusela, maambukizi ya bakteria yanayotoa mimba na yanayoweza kumpata hata binadamu anayeshika mimba hizo.

Sindano ya usingizi sasa. Mbwa wakipandana sawasawa hunasana: shina la uume huvimba ndani ya jike, naye anabana. Dume anashuka, wanabaki wamegeuziana migongo dakika 5 hadi 45. Jike aliyelewa dawa miguu haimshiki. Akianguka wakiwa wamenasana, dume anaumia uume na yeye anaumia uke. Halafu hawezi kukuonyesha kwamba anaumia, na yumkini siku yenyewe haikuwa imefika, kwa hiyo mmemdhuru bila hata mimba. Kupandikiza mbegu kwa mrija kupo, na kuna pale kunapofaa, kwa mfano dume akiwa mbali. Kupandikiza ili kukwepa woga wa jike, mimi sifanyi: mama mwoga hulea watoto waoga.

Wakinasana, usiwavute. Usimwage maji. Wale watoto wa mtaani wanaorusha mawe huwa wanadhani mbwa wamekwama, na ndiyo sababu nilisema uwanja ufungwe. Kaa chini upande wa Sheba, mkono begani kwake, sema naye kwa sauti uliyozoea kumsemesha, na mwenye dume afanye hivyo upande wake. Wataachiana wenyewe. Baadaye tazama uume wa dume kama umerudi ndani. Ukibaki nje umevimba zaidi ya nusu saa, mwiteni daktari. Rudieni baada ya saa 48, mara mbili zinatosha. Wasiponasana lakini dume amemaliza, mimba bado inaweza kuingia.

Ukirudi Nyegezi, Sheba abaki ndani hadi joto liishe kabisa, uvimbe uishe na mkia usisogee tena. Jike anaweza kubeba watoto wa baba wawili kwa uzazi mmoja, na mbwa wa mtaa hawahitaji miadi.

Jemani Shepadi wengi hurudi kwenye joto baada ya miezi 5 au 6. Kabla ya hapo mpatie chanjo zake, ya kichaa cha mbwa na ya distempa (ugonjwa hatari wa virusi vya mbwa), na mpeleke Sengerema mara moja au mbili bila shughuli yoyote, akatembee na dume yule na kurudi. Ukiona tone la kwanza la damu, andika tarehe. Siku ya 5 uje naye kliniki, asubuhi, kabla jua halijapanda.