Lamu mlikataa makaa au mliwakataa Wachina?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni fundi umeme hapa Songea, na malori ya makaa ya mawe ya Ngaka yananipita kila siku. Nasikia Lamu mlizuia mtambo wa umeme wa makaa ambao Kenya ingeujenga kwa ubia na Wachina. Mliwakataa wageni, au makaa yenyewe?
Msomaji, Songea

JIBU: Marahaba mwanangu. Wageni hatukuwakataa. Bandari mpya ya Lamu wameijenga Wachina haohao, na meli zinatia nanga.

Baba yangu alitega madema Ghuba ya Manda, ng'ambo ya Kwasasi mtambo ulikotakiwa kujengwa. Mtambo ungevuta maji ya bahari ya kupozea mashine, kisha uyarudishe ghubani yakiwa moto. Kwenye mkutano mmoja niliuliza: moto kiasi gani? Niliambiwa nisubiri ripoti. Ilipokuja ilikuwa nene kama msahafu, na ya Kiingereza. Wavuvi waliokaa nami siku ile wangeisomaje? Mpaka leo jambo hilo linaniuma.

Wewe fundi utaielewa hesabu hii. Mtambo ulikuwa wa megawati 1,050, mashine tatu za 350. Mwaka 2019 Kenya nzima, jioni kila nyumba imewasha taa, ilitumia kama megawati 1,900. Umeme huo wote angeuziwa nani? Na mkataba wa miaka 25 ulitaka ulipiwe hata usipotumika, yaani mimi na jirani zangu tuulipe kwenye bili. Makaa nayo, kwa kuanzia, yangekuja kwa meli kutoka Afrika Kusini.

Juni 2019 baraza linalosikiliza kesi za mazingira lilifuta leseni: wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na tathmini ya mazingira ilikuwa na mapengo. Benki moja ya China, ICBC, iliyotarajiwa kutoa sehemu kubwa ya mkopo, ikajitoa mwaka uliofuata. Oktoba 2025 mahakama ya Malindi ikaitupa rufaa ya kampuni iliyotaka kujenga mtambo. Siku hiyo nililia, sikuona haya.

Kwa hiyo tulikataa makaa, tena makaa pale, kando ya mikoko na mazalia ya samaki wetu. Kwenu sikujui vya kutosha nikakuamulia. Wakileta mpango wa mtambo, niandikie utachota maji mto gani, utayarudisha yakiwa na joto gani, na majivu yatamwagwa wapi. Hapo nitakujibu.