Mkojo mwekundu baada ya upasuaji wa tezi dume
Ndugu, umeuliza kama mzee wako, aliyepasuliwa tezi dume kwa njia ya mkojo siku 12 zilizopita, arudishwe Tabora mjini kutoka Urambo kwa kuwa mkojo umekuwa mwekundu tena. Wekundu hafifu siku hizi ni wa kawaida, kwani ndipo kigaga cha kidonda cha ndani kinapobanduka. Apumzike na anywe maji ya kutosha, isipokuwa kama daktari alimwekea kiwango kwa sababu ya moyo au figo. Akishindwa kukojoa, akitoa mabonge ya damu au akipata homa, mpelekeni siku hiyo hiyo, tena kwa gari, si kwa bodaboda. Baiskeli, ambayo wazee wetu hawaiachi kirahisi, isubiri wiki 6 hivi. Mpeni mapapai ili asijikamue chooni.