Kadi yangu ilikaa rehani mtaa wa pili

Swali lenu la wiki ni hili: mwenye deni la mkopo wa chuo na deni la kadi ya mkopo, akipata fedha ya ziada, aanze kulipa lipi? Kadi ya mkopo sijawahi kuwa nayo, na hapa Dar es Salaam wengi wetu hatunayo. Lakini kadi yangu ya benki, ile ya kutolea mshahara, niliwahi kuiweka rehani. Ilikaa kwenye kopo la maziwa ya unga nyumbani kwa mama mmoja wa mtaa wa pili, Kimara, pamoja na namba yake ya siri. Naona nina haki ya kujibu.

Mimi ni karani wa hesabu kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Mshahara wangu wa msingi ni 800,000. Ukitoa mfuko wa hifadhi, kodi na asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo, wanaonidai mkopo wa chuo, ambayo kwangu ni 120,000, nabaki na 540,000. Mwenye nyumba alipotaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, nikaenda kwa yule mama nikachukua laki tano. Riba asilimia 20 kwa mwezi. Mtaani tunaiita kausha damu, ingawa mwenyewe ukimwamkia anaitikia vizuri na kukuuliza habari za watoto.

Utaratibu wake ni huu. Mshahara ukiingia, anakwenda na kadi yako, anatoa riba yake ya laki moja, kinachobaki anakurushia kwenye simu. Makato ya kutuma ni juu yako. Zile laki tano zipo palepale. Ukimwambia, mama pokea hata 50,000 nipunguze, anasema yeye hapokei vipande.

Juu ya hapo nilikuwa na mkopo mdogo wa programu ya simu. Siku nne tu baada ya tarehe kupita, waliwatumia ujumbe bosi wangu, fundi wangu wa bomba na mzee wa kanisa kwamba mimi ni tapeli. Ndio aina ya wakopeshaji ambao Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 yasiyo na leseni na kuyapiga marufuku.

Basi zamu yangu ya mchezo ikafika. Tulikuwa watu 14 kazini, kila mmoja laki moja kwa mwezi, nikapokea 1,400,000. Siku hiyohiyo nikawalipa wale wa programu 95,000 kwa sababu ya aibu. Kisha nikaangalia hati yangu ya mshahara, nikaona lile kato la Bodi ambalo limenikera miaka yote, na nikaambiwa salio ni 1,260,000. Nikalimaliza. Nilijiona mtu mzima kweli. Elfu 45 iliyobaki tukala chipsi kuku na wenzangu.

Dada yangu, anayeuza chakula Tandika na hajasomea hesabu popote, ndiye aliyenivua nguo. Miezi saba baadaye nilikwenda kumwomba aniazime nauli.

"Hilo deni la chuo lilikuwa linazaa?"

Nikamwambia zamani lilizaa. Kulikuwa na tozo ya kulinda thamani ya mkopo, asilimia 6 kwa mwaka, ikafutwa mwaka 2021, na ile adhabu ya asilimia 10 kwa wachelewaji ikafutwa mwaka huohuo.

"Kwa hiyo ni tasa."

"Ndiyo, dada."

"Na la huyo mama wa Kimara?"

Sikujibu. Ndani ya miezi saba lilikuwa limezaa laki saba, na mama wa deni, zile laki tano, bado mzima.

Mtu atasema, lakini uliokoa 120,000 kila mwezi kwa kumaliza Bodi. Hata mimi nilijitetea hivyo. Ila fedha ile ilikuwa deni langu tu, nimeitanguliza. Ningeachia makato yaendelee, lingejimaliza lenyewe ndani ya miezi 11, bila kuongezeka. Laki moja ya riba ikienda imekwenda. Halafu tazama bei ya kila nafuu: nilitumia 1,260,000 kufungua 120,000 kwa mwezi, wakati 500,000 ingenifungulia laki moja kwa mwezi na kunirudishia kadi yangu. Na ile 120,000 ilipoanza kuingia haikuonekana ilikokwenda. Mwendokasi, vocha, mchango wa harusi.

Niliyoyafanya, naona, wengi tunayafanya. Tunamlipa kwanza anayepiga kelele, halafu yule tunayemwona kwenye karatasi kila mwezi. Mpole anabaki wa mwisho. Na huyo mpole alikuwa akinitoza asilimia 20, wakati ukomo wa Benki Kuu kwa wakopeshaji wenye leseni wa daraja la pili, wale wasiopokea amana za watu, ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Leseni sikuwahi kumuuliza. Ningeanzia wapi, na nimemwamkia shikamoo?

Wenye kadi ya mkopo halisi, naambiwa na mwenzangu mmoja wa ofisini, shida yao ni ndugu ya hii yangu: benki inakuruhusu kulipa kiasi kidogo cha chini, unajiona uko sawa, na salio linaendelea kuzaa. Naye nilimwambia aanze na kadi.

Waliojiajiri wasinielewe vibaya. Nasema Bodi isubiri kwa sababu mimi nakatwa na mwajiri, nisingeweza kuikimbia hata kama ningetaka. Fundi au mwenye duka hakuna anayemkata. Asipojipangia mwenyewe kiasi cha kupeleka kila mwezi, kusubiri kwake ni kutolipa, na sheria haijamsahau. Hata hivyo kiasi cha ziada, kile cha zamu ya mchezo, naye akipeleke kwa deni linalozaa.

Dada alinikopea laki tano kwenye kikoba chao, riba 50,000 kwa miezi mitatu, na riba yenyewe wanagawana wanachama mwisho wa mwaka. Nikampelekea yule mama jioni, akahesabu noti mara mbili, akafungua kopo. Kesho yake asubuhi, kabla ya kupanda basi, nilipita kwenye mashine nikabadilisha namba ya siri.

Bado tunakutana dukani. Juzi kaniuliza, "Mwanangu, mwezi huu shida hakuna?"