Muulize Mkunga: "Nimeambiwa ovari zina uvimbe, nipime nini?"

SWALI: Shikamoo mama. Mimi nauza mahindi hapa Kibaigwa, nina miaka 27. Hedhi yangu inaruka; mwaka jana mzima niliiona mara tano tu. Kidevuni naota nywele ngumu, nazinyoa kwa siri. Sindano ya uzazi wa mpango niliacha zaidi ya miaka miwili iliyopita na mpaka leo sijashika mimba. Nilipigwa utrasaundi ya tumbo, nikaambiwa ovari zimejaa uvimbe na kizazi ni kichafu. Nikauziwa dawa ya kusafisha, nimemaliza dozi, hakuna kilichobadilika. Mama mkwe ameshaanza maneno. Nipime nini sasa?
*Msomaji, Kibaigwa*

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako imeniuma, hasa hapo pa kunyoa kwa siri. Nywele hizo ziache siku chache kabla ya kumwona daktari, azione kwa macho yake. Ni ushahidi, na kwako wewe huenda una uzito kuliko picha uliyoilipia.

Walichokiona kwenye utrasaundi si uvimbe wa kukatwa wala uchafu wa kusafishwa. Ni vifuko vyenye mayai machanga yaliyoanza kukua yakasimama kabla ya kukomaa, yamejipanga pembeni mwa ovari kama shanga. Madaktari wawili wa Chicago, Stein na Leventhal, waliandika habari za wanawake wenye ovari za namna hiyo mwaka 1935, na jina la ugonjwa, PCOS, yaani ugonjwa wa ovari zenye vifuko vingi, likang'ang'ania vifuko kwa miaka mingi. Lakini wako wanawake wengi wenye picha hiyohiyo ambao hedhi zao zinakuja kwa wakati na wanazaa vizuri. Kwa hiyo picha peke yake haimpi mtu ugonjwa. Na kizazi hakichafuki, mwanangu. Hela ya dawa hizo itunze kwa ajili ya maabara.

Tangu kikao cha wataalamu kilichofanyika Rotterdam, Uholanzi, mwaka 2003, daktari anatafuta mambo matatu: hedhi inayoruka, dalili za homoni za kiume kuzidi (kwa nywele, chunusi, au kwa damu), na ovari zenye vifuko vingi. Mawili yakitimia, na magonjwa mengine yanayofanana nayo yakiondolewa, ndipo jina linatajwa. Hedhi chini ya mara nane kwa mwaka ni kuruka. Wewe uliona tano. Ongeza kidevu. Yawezekana tayari unayo mawili bila utrasaundi kabisa. Sindano nayo huchelewesha hedhi kurudi kwa miezi mingi, ila kwako muda umepita mno kuilaumu.

Kazi iliyobaki, na ndiyo watu wanayoiruka, ni kuondoa hayo mengine. Anza na kipimo cha mimba cha mkojo, hata kama una hakika huna. Kisha damu. Homoni ya tezi ya shingoni, kwa sababu tezi ikilegea hedhi huvurugika. Prolaktini, homoni ya maziwa. Mwambie daktari kama chuchu hutoa maziwa na umtajie kila dawa unayotumia, maana zipo za kuzuia kutapika na za magonjwa ya akili zinazoipandisha. Homoni ya FSH, kujua kama ovari zimechoka mapema. Testosteroni, homoni ya kiume, na pamoja nayo 17-haidroksiprojesteroni, inayochukuliwa asubuhi kutazama tatizo la kuzaliwa nalo la tezi zilizo juu ya figo. Kwa kawaida damu hii hutolewa kati ya siku ya pili na ya tano ya hedhi. Kama haiji, usikae kuisubiri. Daktari ataamua siku. Na ukiona sauti inakuwa nzito au nywele zinaongezeka kwa kasi ndani ya miezi michache, usingoje tarehe ya kliniki, nenda mara moja.

Vipimo hivi vyote hutavipata kwenye zahanati. Panda basi uje Dodoma mjini, hospitali ya rufaa ya mkoa au Benjamin Mkapa, uombe kuonwa na daktari wa magonjwa ya wanawake. Uje na tarehe za hedhi ulizoandika. Uje pia bila kula, na chai ya stendi usiiguse, kwa sababu ugonjwa huu huandamana na kisukari. Watakupima sukari ya njaa, utakunywa maji yenye gramu 75 za glukosi, na baada ya saa mbili watapima tena. Chakula chako kibebe kwenye mkoba. Presha na mafuta ya damu vipimwe siku hiyohiyo. Kipimo cha insulini ukishauriwa, kiache, hakihitajiki.

Utrasaundi ikirudiwa, ile ya kupitia ukeni huona vizuri zaidi: vifuko 20 au zaidi kwenye ovari moja, au ovari yenye ujazo wa mililita 10 na kuendelea. Tangu mwongozo wa kimataifa wa 2023, kipimo cha damu cha AMH, homoni inayotoka kwenye vifuko vya ovari, kinaweza kushika nafasi ya picha, lakini nacho hakisimami peke yake.

Mumeo naye apimwe mbegu. Hilo mama mkwe aambiwe na mwanawe mwenyewe. Na ukikaa zaidi ya miezi mitatu bila hedhi, mwone daktari hata kama mtoto huhitaji kwa sasa, maana ukuta wa ndani wa mji wa mimba unaendelea kunenepa, na baada ya miaka unaweza kuleta saratani.

SWALI: Binti yangu ana miaka 13, amevunja ungo mwaka huu na hedhi inaruka miezi miwili. Nimpeleke utrasaundi?
*Mama, Chamwino*

JIBU: Hapana mama. Mwaka wa kwanza kuruka ni kawaida. Kwa kutafuta ugonjwa huu, utrasaundi haitumiki mpaka ipite miaka minane tangu hedhi ya kwanza, kwa kuwa ovari za wasichana wengi zina vifuko vingi. Mfundishe kuandika tarehe. Kuanzia mwaka wa pili, akipitisha siku 90 bila kuona, mlete kliniki.