Kabla ya kuandika msimbo, chora duara

Wanafunzi wa mawasiliano ya dijitali wakiniuliza waanzie wapi na modulesheni ya fezi yenye msimbo (kubeba biti kwa pembe ya wimbi, pamoja na biti za ziada za kulinda dhidi ya makosa), huwaambia wafunge kompyuta kwanza. Chukua karatasi, chora duara lenye nusukipenyo cha 1, weka nukta 8 zilizoachana sawasawa. Hiyo ndiyo 8-PSK: kila nukta ni pembe moja ya wimbi, nayo inawakilisha biti tatu. Sasa pima.

Nukta jirani zimeachana 0.765 tu, kelele kidogo inatosha kumfanya mpokeaji achukue isiyo yake. Chukua nukta kwa kuruka moja moja, utapata makundi mawili ya nukta 4, na umbali unapanda hadi 1.414. Gawa tena, zinabaki jozi za nukta zinazotazamana, umbali 2. Mhandisi Gottfried Ungerboeck aliieleza njia hii katika makala yake ya 1982, na kwangu uzuri wote uko hapo: msimbo unalinda uchaguzi wa jozi, na ndani ya jozi umbali wenyewe unatosha kulinda.

Zamani biti za ulinzi zilikula kasi au upana wa masafa. Hapa unatoka nukta 4 kwenda 8, biti ya ziada inapata nafasi, na masafa yanabaki yaleyale. Fanya hesabu kwa mkono kwenye trelisi ya hali 4, yaani mchoro wa njia zote ambazo msimbo unaweza kupita. Njia mbili zinazoachana na kukutana baada ya hatua tatu zina umbali wa mraba wa 2 + 0.586 + 2, yaani 4.586. Njia sambamba, zile zinazotofautiana ndani ya jozi moja katika hatua moja tu, zina 4, na hiyo ndogo ndiyo inayotawala. QPSK, yaani PSK ya nukta 4, bila msimbo ina 2. Faida ni mara mbili, desibeli 3, kelele ikiwa ndogo. Ni nusu ya nguvu ya kurushia!

Ukishaelewa hilo, washa kompyuta, lakini kagua majina ya nukta, yaani biti ambazo kila moja imepewa: mpangilio wa Gray, ambao nukta jirani hutofautiana kwa biti moja tu, mzuri kwa PSK ya kawaida, unavuruga mgawanyo huu. Kwenye mkondo wa redio unaofifia, njia sambamba ni hatari, kwa sababu nukta moja iliyotumwa ikizama, biti yake haina mtetezi. Huko napendelea kuchanganya mpangilio wa biti kabla ya modulesheni, kama alivyopendekeza mtafiti Zehavi mwaka 1992.

Na usiridhike na grafu nzuri mpaka uzungushe mawimbi yote kwa digrii 45. Duara litaonekana lilelile, ila dikoda (kisoma-msimbo cha mpokeaji) isiyoandaliwa itatoa biti ovyo.